Picha ya gwanda haitoshi

Dada wa Chumbageni, umeuliza kaka yako aliyerudi Tanga baada ya kutumikia jeshi la Marekani athibitishe vipi apate punguzo kwenye maduka ya mtandaoni. Picha ya gwanda haitoshi, hata awe na medali kifua kizima. Karatasi inayotakiwa ni DD-214, aliyopewa alipoachishwa jeshi. Ajisajili ID.me, tovuti ya kuthibitisha utambulisho, mara moja, maduka mengi yanaikubali. Ila DD-214 asimpe kijana wa steshenari Barabara ya 12 aiskani halafu ibaki kwenye kompyuta yake: ina namba ya Social Security, namba ya siri ya mtu huko Marekani! Ikiwa imepotea, National Archives (hifadhi ya nyaraka ya serikali ya Marekani) humpa mwenyewe nakala bure. Wanaotaka dola ni madalali tu.