Niliwatoroka wenzangu wa chomboni

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 47, nakaa Chumbageni, Tanga. Kwa miaka 19 nyumba yangu ilikuwa mashua. Tulikuwa wanne, nahodha na mabaharia watatu, tukipakia nazi na makuti Pangani na kushusha Mkokotoni, Unguja. Tulilala humo, tukapika humo, na pale mtoni tukingoja maji yajae tuvuke fungu la mchanga, tuliweza kukaa siku tatu tunatazamana. Nyumbani nilikuja siku mbili tatu kwa mwezi. Kaskazi ya mwaka huu, msimu wa upepo wa kaskazini, ilipokwisha, tajiri aliiuza mashua, maana mzigo umehamia kwenye malori. Asubuhi ya kuachana niliwaambia wenzangu naenda kununua mikate. Sikurudi. Nilipanda basi la Tanga.*

*Sasa ni miezi minne silali. Usiku mmoja naamka saa nane, unaofuata karibu saa tisa, wa tatu saa kumi kasoro dakika ishirini, natoka nje kama mtu anayekwenda kushika amari, kamba ya nanga. Nahodha yuko kwake Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, ananipigia simu, sipokei kwa aibu. Mke wangu, ambaye hajawahi kuwaona watu hao hata siku moja, anasema nawalilia kuliko nilivyomlilia mama yangu, na anashuku nina mwanamke. Kuna tajiri wa Mkokotoni ananitaka chomboni kwake. Nirudi baharini?*

*Baharia, Chumbageni*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na saa zako za kuamka, kwa sababu mkeo amezihesabu na kuzielewa vibaya. Zinasogea mbele kila usiku kwa kama dakika 50. Kinachosogea hivyo ni maji. Bahari hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kiasi hicho, ikiufuata mwezi. Miaka 19 uliamka kuangalia kamba maji yanapopanda, na mwili wako haujaambiwa kwamba zamu imekwisha. Ziandikeni saa hizo wewe na mkeo kwa wiki moja, kisha muulizeni mvuvi yeyote pale soko la samaki la Deep Sea maji yalijaa saa ngapi. Nadhani moyo wake utatulia kwa hilo kuliko kwa viapo vyako. Na kama bado unahisi sakafu inayumba chini ya miguu, nenda hospitali ya Bombo ukapimwe. Hali hiyo huwapata watu wengi wakishuka chomboni, lakini kwa kawaida hupita kwa siku chache, si miezi minne.

Sasa nije kwenye mikate, maana hapo ndipo barua yako iliponiuma.

Wewe unaamini kinachokunyima usingizi ni bahari. Mimi sikubali. Bahari iko palepale, ukitembea kidogo unaiona. Ulichokiacha Pangani ni buriani. Neno hilo siku hizi tumewaachia wafu, lakini wazee wetu walipeana wakiwa hai. Mtu akihama, akisafiri mbali, akienda kuhiji, alipita nyumba kwa nyumba kutaka radhi: nimekula nawe, huenda nilikudhulumu, nisamehe, nami nimekusamehe. Na watu wanne waliokaa kwenye mashua moja kwa miaka 19 wana mengi ya kusameheana. Nani alisinzia kwenye zamu ya usukani. Nani alimaliza maji ya kunywa akanyamaza. Nani alimtukania mwenzake mzazi usiku wa kusi, ule upepo wa kusini, mkipiga bisha kinyume cha upepo kuelekea Mkokotoni na mawimbi yanaingia ndani. Chomboni ukigombana huna pa kwenda. Unanuna hatua tano kutoka kwa mtu, na jioni mikono yenu inakutana kwenye sinia moja. Yote hayo umeyabeba mpaka Chumbageni bila kuyatua.

Ulikimbia kwa sababu uliwapenda. Nimelielewa hilo, na sikucheki. Lakini wenzako hawakuliona. Walichoona ni mtu aliyetoka kununua mikate na hakurudi. Nawajua mabaharia, hawagusi chakula mwenzao akiwa hajafika, kwa hiyo bila shaka walikaa na chai yao ikapoa. Kwa watu wa maji, mtu asiyerudi ni habari ya kutisha. Nahodha anapokupigia hadai kitu. Anahesabu watu wake, na tangu mwezi wa tatu hesabu yake haitimii.

Kuhusu mkeo sitakuficha: umemkosea. Marehemu baba yangu alikuwa serahangi, msimamizi wa mabaharia wa jahazi, na kila chombo kilipopandishwa pwani kukalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa, alikuja na wenzake nyumbani kwetu Ngamiani. Mama aliwapikia, akawagombeza kama wadogo zake, akajua nani ana mtoto mgonjwa na nani hali pweza. Baba alipoacha bahari akawa ananyamaza barazani jioni nzima, mama alijua anamkumbuka nani, kwa jina. Aliweza hata kumwambia, “Leo umemkumbuka fulani,” wakacheka wote wawili. Mkeo hana jina hata moja. Hukumleta mtu ukamwambia: huyu ndiye anayekesha nikilala. Ameona tu mume karudi, mwili uko kitandani na macho yako Pangani. Neno lake juu ya mama yako ni kali, na limekuumiza, lakini ni neno la mtu aliyewekwa nje ya miaka 19. Kumbuka pia kwamba miaka hiyo nyumba aliiendesha peke yake, kwa saa zake mwenyewe, na sasa umeingia na saa za bahari.

Kwa hiyo usiende Bweni peke yako. Nenda naye. Kutoka Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50, kisha mnavuka mto. Mwombe nahodha awaite na wale wawili. Kabla hamjanawa mikono, mkeo awe amejulishwa kwa kila mmoja. Halafu liseme lile neno la buriani wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele yao. Ukilia, lia. Hakuna kati yao ambaye hajawahi kukuona ukilia kwa hofu usiku wa tufani.

Tajiri wa Mkokotoni mwambie asubiri. Sikukatazi bahari, siwezi kumkataza mtu riziki anayoijua. Ila usipande chombo kipya, na mabaharia wapya, katikati ya kusi, hali cha kwanza hujakiaga. Mkitoka Bweni kaa na mkeo mlizungumze, na safari hii jibu lake lipate uzito uleule wa jibu lako. Kusi ikipungua mtakuwa mmeshajua.

Simu ya nahodha ipokee leo. Hata maneno mengi huyahitaji. Mwambie: “Shikamoo nahodha. Mikate ninayo, nakuja.”