Kitabu Kilichonichukiza Ninachokitetea

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama kuna kitabu kilichomchukiza msomaji ambacho, hata hivyo, angesimama kukitetea kisipigwe marufuku. Kwangu kipo, na kimenikaa rohoni kwa muda mrefu: ni American Psycho, riwaya ya Mmarekani Bret Easton Ellis iliyotoka Machi 1991. Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa kijana mwenye haraka na mara ya pili mwaka jana, kwa sababu nitakayoieleza huko mbele.

Kwa wasioijua, msimulizi wake ni Patrick Bateman, kijana wa miaka 26 mwenye cheo katika kampuni ya fedha ya Wall Street, New York, mwishoni mwa miaka ya 1980. Mchana anahangaikia kupata meza katika mikahawa inayosifiwa, anajipaka mafuta ya uso ya kila namna, anafanya mazoezi ya mwili na kukagua nani amevaa nini. Usiku, kwa simulizi yake mwenyewe, anaua: anaua watu wasio na makazi, anamuua mfanyakazi mwenzake, na zaidi ya wote anaua wanawake, kwa ukatili unaoelezwa kwa urefu usiovumilika. Ni tashtiti, yaani kejeli ya kuikosoa jamii, na shabaha yake ni tabaka la watu waliotajirika katika miaka ile ambapo kampuni zilinunuliwa na kuvunjwavunjwa kwa fedha za mkopo, hadi soko la hisa la New York lilipoanguka kwa zaidi ya asilimia 22 katika siku moja, tarehe 19 Oktoba 1987.

Mimi nilikulia chini ya meza ya kukatia vitambaa. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa suti, na kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuokota pini kwa sumaku na kumsomea namba kutoka kwenye daftari la vipimo. Katika daftari lile kila mteja alikuwa na ukurasa wake: bega la kushoto limeshuka, mkono wa kulia mrefu kidogo, kiuno kimeongezeka inchi moja tangu Idi. Koti likikutwa limetundikwa bila karatasi ya jina, baba aliligusa begani tu akakuambia ni la nani. Ndiyo maana sehemu ya riwaya hii ambayo wasomaji wengi huiruka, yaani zile orodha za mavazi, ndiyo iliyonishika mimi zaidi.

Katika riwaya hii mtu hafungui kinywa kabla hatujaambiwa suti yake ya sufu imetoka kwa nani, shati lake la pamba kwa nani, tai yake ya hariri kwa nani na viatu vyake kwa nani. Niliposoma mara ya kwanza nilidhani ni pambo la mwandishi anayejua majina ya maduka ya bei ghali. Mara ya pili nilizisoma kifundi, nikajaribu kumvisha mtu nguo hizo kichwani mwangu, nikaona kwamba baadhi ya mavazi hayo hayawezi kukaa mwilini pamoja bila kuchekesha. Baadaye nilikuta Ellis mwenyewe amewahi kusema hivyo hivyo, kwamba mtu akiyavaa kweli kama yalivyoandikwa angeonekana kituko. Bateman anaijua lebo iliyoshonwa ndani ya kola lakini haoni vazi, sembuse mwili uliomo ndani yake. Hakuna hata mtu mmoja katika riwaya nzima ambaye yeye angeweza kumwandikia ukurasa katika daftari la baba yangu.

Kutokana na hilo linatoka jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kitabu. Wanaume wale wanafanana mavazi, miwani na nywele kiasi kwamba kila mara mmoja anamwita mwenzake kwa jina la mtu mwingine, na hakuna anayejisumbua kumsahihisha. Paul Owen, yule mfanyakazi mwenzake, anamchukulia Bateman kuwa ni Marcus Halberstam, kwa kuwa Halberstam naye yuko kampuni ileile, anapenda suti zilezile na ananyolewa na kinyozi yuleyule. Na ni kwa jina hilo la kuazima ndipo Bateman anapompeleka kwenye kifo chake. Baadaye, anapomkiri kila kitu wakili wake kwa simu, kisha kumkabili ana kwa ana, wakili anamwita Davis, anaichukulia habari nzima kuwa ni mzaha, na kumweleza kuwa Bateman ni mtu wa kujipendekeza asiyeweza kutenda mambo kama hayo. Tena anasema hilo haliwezekani, kwa sababu siku kumi tu zilizopita yeye mwenyewe alikula chakula cha jioni na Paul Owen mjini London, mara mbili. Msomaji habaki na uhakika kama mauaji yametokea au ni ndoto za mgonjwa, wala kama huyo aliyekula na wakili alikuwa Owen kweli, maana nani katika kitabu hiki anamtambua nani?

Kuna mahali pengine Bateman anamwambia msichana mmoja waziwazi kwamba kazi yake ni kuua na kunyonga, na kwa kuwa maneno hayo kwa Kiingereza yanakaribiana sana kwa sauti na yale ya biashara ya kuunganisha na kununua kampuni, msichana anasikia hilo la pili na kumjibu kuwa wanaume wengi anaowajua katika kazi hiyo hawaipendi. Huwa nasimama hapo. Mtu ametamka ukweli wake kwa sauti, mezani, na umepita sikioni kama upepo kwa sababu sikio limezoea neno la fedha.

Mali yenyewe, tukumbuke, haimpungukii. Mchumba wake Evelyn anamuuliza kwa nini haachi kazi ilhali baba yake ni kama ndiye mwenye kampuni, naye anamjibu kwamba anataka kufanana na wengine. Sijasoma maelezo mafupi na ya kweli kuliko hayo kuhusu ulimbwende wa kitajiri. Mchezo wa kadi za biashara unatoka humo humo: vijana wanakaa kwenye meza ya mkahawa wakilinganisha rangi ya karatasi na umbo la herufi, na Bateman anapoona kadi nzuri kuliko yake, moyo unamwingia baridi ambayo haijawahi kumwingia kwa ajili ya maiti yoyote.

Sasa, kuhusu marufuku. Riwaya hii ilihukumiwa kabla msomaji wa kawaida hajaigusa. Kampuni ya uchapishaji ya Simon & Schuster, iliyokuwa imeinunua kwa malipo ya awali yaliyotajwa kuwa dola 300,000, iliiacha Novemba 1990, kitabu kikiwa kimekaribia kutoka, baada ya dondoo zake za kutisha kuchapishwa katika majarida ya Time na Spy. Kampuni nyingine ya uchapishaji, Vintage, kwa uamuzi wa mhariri Sonny Mehta, ikaiokota upesi na kuitoa ikiwa na jalada jepesi. Tawi la Los Angeles la shirika la kitaifa la kutetea wanawake wa Marekani liliitisha mgomo wa kuwasusia wachapishaji hao, na mwandishi, aliyekuwa na umri wa miaka 26 kama mhusika wake, akapata vitisho vya kuuawa. Ujerumani iliiweka katika orodha ya maandiko yenye madhara kwa vijana kuanzia 1995 hadi 2000. Australia iliagiza iuzwe ikiwa imefungwa kwa plastiki, kwa watu wazima tu, na mwaka 2015 polisi waliingia katika duka la vitabu mjini Adelaide kwa sababu nakala zilikuwa rafuni bila plastiki hiyo.

Kosa la hukumu ile, kwa maoni yangu, lilikuwa katika dondoo. Mwandishi anamtembeza msomaji zaidi ya kurasa 100 za suti, mikahawa na soga za kuchosha kabla ya damu kumwagika, na inapomwagika, sauti haibadiliki hata kidogo. Mwili wa binadamu unaorodheshwa kwa utulivu uleule ulioorodhesha tai na mikanda. Anayesoma ukurasa wa mauaji peke yake anaona ukatili mtupu. Aliyepitia kurasa zile mia anaona kwamba mkono unaoandika ni uleule, na hapo ndipo anapoogopa ipasavyo, kwa kuwa anakumbuka kwamba orodha za mwanzo alizisoma bila kushtuka.

Hata hivyo siwezi kuwaambia wanawake waliokasirika kwamba walikosea kukasirika. Katika riwaya hii wanaume wanauawa upesi, wanawake wanauawa polepole, na tofauti hiyo haiwezi kufutwa kwa kutaja neno tashtiti. Katibu muhtasi wa Bateman, Jean, ambaye msimulizi hamtaji bila kutukumbusha kwamba anampenda, ndiye karibu mwanamke pekee anayeruhusiwa kuwa na moyo. Mke wangu alisoma robo ya kitabu, akakifunga na kukirudisha kabatini, na sikumwomba aendelee. Ninachokitetea ni haki ya kitabu kuwepo kabatini. Kumlazimisha mtu akisome ni jambo jingine kabisa, na naona watetezi wengi huyachanganya.

Nimesema nilikirudia mwaka jana kwa sababu. Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo anayesomea mambo ya fedha, alikuwa ameweka kwenye simu yake picha ya Bateman kutoka katika filamu ya mwaka 2000 iliyoongozwa na mwanamke, Mary Harron. Nilipomuuliza alinijibu kwa furaha kabisa, "Mjomba, huyu jamaa ana nidhamu, angalia mwili, angalia suti." Alikuwa ameona vipande vya dakika moja moja mtandaoni, vya kijana akinawa uso na kufanya mazoezi. Kumbe dondoo zinaweza kupotosha kwa upande huo pia, na nakiri kuwa kijana anayemtamani Bateman alinitia hofu kuliko afisa anayetaka kumfungia.

Nilimkalisha sebuleni nikamfungulia sura moja tu. Bateman anarudi kwenye nyumba ya Owen, ambako kwa simulizi yake aliacha maiti za wanawake wawili miezi kadhaa nyuma, na amebeba barakoa ya hospitali kwa ajili ya harufu. Anakuta ndani mna harufu ya maua tu, kila kitu kimesafishwa, na dalali, Bi Wolfe, anaonyesha wateja vyumba. Dalali anamtazama, anamuuliza kama ameliona tangazo la nyumba katika gazeti la Times. Anajibu ndiyo. Dalali anamwambia kwamba hapakuwa na tangazo lolote katika Times, kisha anamwambia aondoke, asilete matata na asirudi tena.

Mpwa wangu alisoma kimya, akainua kichwa. "Mjomba, ina maana huyu mama anajua? Mbona hapigi simu polisi?"

Nilimwambia arudie sura ile pole pole, na safari hii amwangalie yule mama pamoja na wateja wake na vyumba vyenyewe. Akarudia, kidole kikifuata mistari. Kitabu alikwenda nacho, na hadi ninapoandika barua hii hajakirudisha.