Ada ya kuingia baro (chama cha mawakili): mbona haifanani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina shahada ya sheria na ninataka kuandikishwa kama avoka wa staji (wakili aliye mafunzoni) hapa Bukavu. Mwenzangu aliyeko Goma alitajiwa ada tofauti na niliyotajiwa mimi. Je, sheria haiko moja? Tena, ninauza vitenge Kadutu, naweza kuendelea? — Msomaji, Ibanda

JIBU: Dada msomaji, sheria ni moja, yaani ile ya tarehe 28 Septemba 1979 inayopanga kazi ya uwakili nchini Kongo, lakini kila baro imefungamana na Mahakama ya Rufaa ya kwake, na baraza lake, linaloongozwa na batonie (mkuu wa baro), ndilo linalopanga ada. Ndiyo sababu kiasi cha Goma hakiwezi kuwa kipimo cha Bukavu. Uliza sekretarieti ya baro yenyewe, lipa panapostahili, na udai risiti yenye muhuri. Anayekutaka umpe dola mkononi “ili faili itembee” usimpe kitu.

Ada peke yake haikufanyi avoka. Utahitaji avoka mzoefu atakayekubali kuwa patroni wako (msimamizi wa staji), kisha utakula kiapo mbele ya Mahakama ya Rufaa na kufanya staji ya miaka 2 kabla ya kuomba kuandikwa kwenye orodha kuu.

Kuhusu vitenge: hapana. Biashara haipatani na uwakili, kwa hiyo achana na biashara hiyo kabla hujawasilisha maombi.