Oksijeni 8.9 saa nane mchana: je, kijito chetu ni kizima?

Swali: Mimi ni mwalimu wa baiolojia Ilemela, Mwanza. Klabu yetu ya mazingira imepima kijito kinachopita chini ya shule kuelekea ziwani. Saa nane mchana joto la maji lilikuwa nyuzi 26, pH 8.6, oksijeni miligramu 8.9 kwa lita. Maji ni maangavu, kambale wapo, na kwenye wavu tulipata minyoo, mabuu wekundu, mabuu wa mbu, ruba na kaa. Wanafunzi wanasema kijito ni kizima kwa kuwa oksijeni imepita 5, kiwango tunachofundisha. Tuandike hivyo kwenye ripoti?

Jibu: Msiandike hivyo, Mwalimu. Hiyo 8.9 ndiyo inayonitia shaka kuliko namba nyingine zote.

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Kwa mwinuko huu, maji ya nyuzi 26 yaliyoshiba hewa hubeba oksijeni ya takriban miligramu 7.1 kwa lita. Ninyi mmepata asilimia 125 ya hapo. Ziada hiyo haikutoka hewani, imetengenezwa humo humo majini na mwani unaopigwa na jua. Maji kuwa maangavu hakupingi hilo. Pitisheni kidole juu ya mawe muone utelezi wa kijani. pH nayo inashuhudia vilevile, maana mwani ukimaliza kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka, pH hupanda. (Hakikisheni kipimo chenu kimewekewa mwinuko wa hapa. Lakini hata kama kiliachwa kwenye usawa wa bahari, maji yaliyoshiba yangesoma kama 8.1, si 8.9.)

Mwani hauneemeki hivyo bila kulishwa. Naitrojeni na fosforasi zinatoka kwenye maji ya kufulia, kwenye mbolea ya bustani za mboga kingoni, na kwenye vyoo vinavyofunguliwa mvua ikinyesha, jambo ambalo wakazi wa vilimani tunalijua wote na hatupendi kulitaja. Usiku mwani huohuo hautengenezi oksijeni, unaitumia. Kwa hiyo nenda na mwenzako saa kumi na moja alfajiri, wanafunzi wabaki nyumbani, mkapime tena palepale. Mkikuta 2 au 3, mtajua viumbe wa kijito wanaishije kila usiku huku mchana namba zikipendeza.

Kambale wasiwadanganye. Ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, sawa na kamongo mwenye mapafu, hivyo anaweza kukaa kwenye maji yasiyo na oksijeni ya maana. Afadhali waulizeni wazee wa hapo kama samaki aina ya ningu walikuwa wakipanda kijito hicho wakati wa mvua kwenda kutaga, na kama bado wanapanda.

Wavu wenu ndio uliosema kweli. Kipimo kinaeleza dakika ile tu, lakini wadudu wamekaa humo wiki na miezi, mabaya yote yamewapitia. Tanzania tuna mfumo wa alama uitwao TARISS, uliotokana na SASS ya Afrika Kusini: kila familia ina alama yake, anayestahimili uchafu hupata ndogo, asiyestahimili hupata kubwa, na idadi ya wadudu haihesabiwi. Kwa alama za SASS, minyoo wenu ni 1, mabuu wa mbu 1, mabuu wekundu 2, ruba 3, kaa 3. Jumla 10 kwa familia 5, wastani 2. Huo ni wastani wa maji yaliyochoka. Hao mabuu ni wekundu kwa sababu wana himoglobini ya kukamatia oksijeni kidogo iliyopo. Kwa kulinganisha, familia ya wale wadudu bapa wenye mikia miwili, wanaong'ang'ania mawe penye maji ya kasi, ina alama 12 peke yake.

Hata hivyo sitasema ni uchafu mtupu mpaka nijue mlichota wapi. Kama wachimba mchanga wameshatoa mawe na kuacha shimo lenye tope, wadudu wa mawe watakosekana hata maji yangekuwa safi. Tafuteni sehemu ya juu, kabla ya nyumba, yenye mawe na mkondo, mfanye vilevile: kuvuruga mawe kwa miguu dakika 2, kupitisha wavu kwenye majani ya kingo kama mita 2, mchanga na tope dakika 1. Msiende mara tu baada ya mafuriko, kwani wadudu wengi huwa wamesombwa. Kati ya juu na chini pimeni pia upitishaji umeme wa maji, ambao hupanda chumvi zilizoyeyuka zikiongezeka, kila mnapoona mfereji unaingia. Ukiruka ghafla, mmempata mchafuzi, au angalau bomba lake.

Kwenye ripoti wekeni saa ya kila kipimo, tofauti ya juu na chini, na shughuli zilizo ndani ya mita 60 za kingo, umbali unaolindwa na Sheria ya Mazingira ya 2004. Nakala moja ipelekeni Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Na kichocho kipo huku: hakuna mwanafunzi kuingia bila buti ndefu na glavu za mpira.