Vipindi vya dinosaria vinaaminika?

Kaka, umeuliza kama vipindi vya dinosaria kwenye runinga ni vya kweli. Mifupa, ndiyo. Rangi na sauti, mara nyingi wanakisia tu. Mwangalie Velociraptor, dinosaria mdogo mla nyama: wanamwonyesha mkubwa kama mtu, ngozi tupu kama ya mjusi. Mwenyewe alikuwa saizi ya bata mzinga, na mwaka 2007 wataalamu walionyesha vinundu vilivyojipanga mstari kwenye mfupa wa mkono wake, pale manyoya yaliposhika.

Ila kinachoniuma zaidi ni wanaowaacha. Hapa jirani tu na Mbeya, bonde la Rukwa upande wa Songwe, alipatikana Shingopana, dinosaria wa shingo ndefu, aliyetangazwa 2017. Jina lenyewe Kiswahili kitupu! Mifupa yake ina matundu ya wadudu walioitoboa baada ya kufa. Hicho si kipindi kizima? Na Rukwatitan wa 2014 naye katoka bonde hilohilo.

Mwanangu anamjua T. rex vizuri, Shingopana kamsikia kwangu juzi. Akauliza anakula nini. Majani, nikamwambia. Akachukua penseli, akachora shingo mpaka ikatoka nje ya daftari.