Jenereta ya PTO: siku umeme ukikatika, trekta itakuwa wapi?

Mkuu, nimesoma swali lako la kama ununue jenereta ya kuzungushwa na trekta au uachane nayo, na majibu ya wenzangu nimeyaona: mmoja kasema "chukua, inalipa", mwingine kasema "achana nayo, nunua yenye injini yake". Kila mmoja ana ukweli wake ila hawakukueleza kwa nini. Wewe umesema una trekta ya Massey Ferguson, MF 375, kuku wa mayai 3,000 huko Kigamboni, mashine ya kutotolesha, kisima chenye pampu ya umeme wa njia tatu, na kuna mtu Mbagala anakuuzia jenereta ya kVA 30 iliyotumika, ile ya kuzungushwa na PTO, yaani shafti ya nyuma ya trekta inayoendesha mashine. Mimi ninayo ya aina hiyo tangu 2019, upande wa Pemba Mnazi. Kuku wangu ni wachache kuliko wako, lakini mzigo wa umeme unafanana. Ngoja nikupe ya kwangu, ni marefu kidogo.

Nilivyoinunua hesabu ilikuwa nyepesi. Kwenye jenereta ya dizeli ya ukubwa huo, hela nyingi unalipia injini. Mimi injini ninayo, imepaki uani chini ya mwembe, na siku nyingi za mwaka hailimi. Kwa nini ninunue injini ya pili, niihudumie, niibadilishie oili na betri, halafu siku ninayoitaka ikatae kuwaka kwa sababu imekaa miezi minne? Trekta inawashwa kila wiki. Nikachukua kichwa cha jenereta na giaboksi yake, nikalipa chini ya nusu ya bei ya ile yenye injini. Nikajiona mjanja.

Mwishoni mwa 2023 ule mgao ulipokolea, kweli nilikuwa mjanja. Ratiba inajulikana, trekta ipo, saa ikifika kijana anarudi nyuma na trekta, anachomeka shafti, tunasukuma maji na kusaga chakula cha kuku mpaka umeme urudi. Halafu mitambo ya Bwawa la Nyerere kule Rufiji ikaanza kuingia kuanzia Februari 2024, mmoja baada ya mwingine, yote tisa ni megawati 2,115, na mgao ukapotea. Shemeji yangu akaniambia sasa uza hilo jenereta. Nikamjibu kwamba huku kwetu umeme haukatwi na uhaba wa maji Rufiji. Unakatwa na kuti la mnazi. Upepo ukivuma, kuti linalala juu ya waya, fyuzi ya transfoma inaruka, na tunasubiri gari la dharura lije toka mbali.

Sasa sikiliza jambo ambalo hakuna muuzaji atakwambia. Kuti linaanguka lini? Masika. Trekta yako inalima lini? Wiki zile zile za kuelekea masika na mvua za mwanzo. Yaani msimu wa trekta kuingiza hela ndio huo huo msimu wa waya kuanguka. Mimi nilikuja kulijua hilo saa nane usiku.

Trekta ilikuwa Mkuranga, imekodiwa kulima shamba la mihogo, imelala huko huko na dereva wake. Kwenye mashine ya kutotolesha nina mayai 528, siku ya 19. Umeme ukaondoka na upepo. Jenereta ipo pale, imepakwa rangi, imefunikwa turubai, na haina wa kuizungusha. Mama watoto akaamka, akawasha kuni nje, tukachemsha maji, tukajaza madumu ya lita tano na kuyapanga chini ya trei, juu tukafunika mablanketi tukiacha upenyo wa hewa. Dogo mmoja alitaka kuingiza jiko la mkaa chumbani, nikamkatalia, ile hewa inaua vifaranga na inaua watu. Kipimajoto kinatakiwa kisome 37.5. Kufika alfajiri kilikuwa kimeshuka hadi 33, tukakipandisha, kikashuka tena. Umeme ulirudi adhuhuri. Katika 528 nilipata vifaranga 211, na baadhi yao miguu imepinda.

Kwa hiyo swali la kwanza kwako wala si la kVA. Hiyo MF inalala nyumbani kila siku, au unaikodisha? Kama inatoka, jenereta ya PTO haiwezi kuwa tegemeo lako la pekee. Mimi baada ya usiku ule nilifunga inveta na betri mbili za 12V za ampia 200, ni za mashine ya kutotolesha na taa tu. Kwa mzigo wa wati 500 hivi zinanipa saa nne bila kuzichosha. Saa nne zinatosha kumpigia dereva simu na yeye kutoka Mkuranga, hata kama atafika ananuna.

Tuje kwenye kVA zenyewe. kVA 30 ni kama kilowati 24 za kazi. Kanuni ya mafundi ni nguvu za farasi mbili kwenye PTO kwa kila kilowati moja, ili injini isihangaike mzigo ukiingia kwa ghafla. Hiyo ni farasi 48. MF 375 ina 75 kwenye injini, kwenye PTO zinafika pungufu kidogo, bado unatosha na chenji inabaki. Mwenye trekta ya farasi 50 asikubali kuuziwa hiyo, atakuwa anavuta moshi mweusi kila pampu ikiwaka.

Na pampu ndiyo itakayokutoa jasho. Yangu ni kilowati 5.5. Ikishatulia inakula ampia 12, hata jenereta haijui kama ipo. Lakini inapoanza inavuta mara sita ya hiyo kwa sekunde mbili tatu, piga hesabu kwa volti 400, na ile 1.73 ya njia tatu, utaona inataka karibu kVA 50. Wewe una 30. Taa zinafifia, trekta inaguna, kontakta, zile swichi za sumaku, zinapiga makofi. Fundi wangu alikuja na wazo la sta-delta, yaani kuwasha mota kwa hatua mbili, ila pampu ya kuzama yenye waya tatu tu zinazotoka kisimani haikubali hiyo. Tulichofunga ni kile kifaa cha kuwashia mota polepole, mafundi wanakiita sofstata. Tangu hapo pampu inaanza kama mtu anayeamka kitandani. Kama hutaki gharama hiyo, basi anza na pampu kabla ya kitu kingine chochote, iache itulie, ndipo uwashe mengine.

Sasa hezi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde. Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipoharibu.

PTO ya 540 maana yake shafti izunguke mara 540 kwa dakika. Giaboksi inapandisha mpaka 1,500 au 3,000 kutegemea kichwa cha jenereta, na hapo unapata hezi 50. Mizunguko ikishuka hezi zinashuka nazo sawasawa. Kijana wangu wa kwanza alikuwa anatega resi ya mkono kwa sikio, "mlio umekaa vizuri bosi". Mlio ulikuwa umekaa vizuri kwenye 480, ambayo ni hezi 44 na kitu. Volti zilikuwa nzuri kwa sababu AVR, kile kifaa cha kurekebisha volti, ilikuwa inazishikilia juu, taa za LED zinawaka kama kawaida, zile hazina habari na hezi. Mota ndiyo inayoumia. Volti zile zile kwa hezi pungufu, mota inakula ampia za ziada na kuchemka, na pampu ikiwa mita 60 chini ya ardhi huwezi kuigusa ujue imechemka. Baada ya kama miezi miwili ikaungua. Kuitoa kisimani, kuisuka upya na kuirudisha, hela yake ingenunua mita hamsini za kupima hezi.

Sasa hivi kwenye boksi la jenereta nina mita ndogo inayosoma volti na hezi pamoja, imekaa usawa wa macho ya dereva. Tunatega 52 bila mzigo. Mzigo ukiingia trekta inashuka kidogo yenyewe, inasimama kwenye 50. Na kijana ana amri moja: kabla hajagusa resi, iwe kupanda au kushuka, anashusha kwanza swichi kubwa ya jenereta inayokata mzigo. Asizime trekta mzigo ukiwa unaning'inia.

Mafuta. Watu wanadanganyana sana hapa. Nilipima mwenyewe kwa dumu: nikiwa na pampu na mashine ya kusaga chakula kwa pamoja, trekta yangu inakunywa kama lita 6 mpaka 7 kwa saa. Sawa, kazi inaonekana. Lakini usiku nikiwa na taa na mashine ya kutotolesha tu, lita 4 na ushei. Injini kubwa inazungushwa kasi ile ile kwa kazi ya kibiriti. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanatangaza bei kikomo za mafuta, nenda kachukue bei ya dizeli ya Dar uizidishe mwenyewe kwa saa kumi za usiku. Ukishamaliza utaona kwa nini nimeweka betri. Halafu kumbuka kila saa ya jenereta inahesabika kwenye mita ya trekta. Oili niliyokuwa nabadilisha kwa mwaka mara moja, mwaka wa mgao nilibadilisha mara tatu.

Jambo dogo lililonishangaza: manyoya. Trekta ikisimama karibu na banda, feni inavuta manyoya na vumbi la pumba, redieta inaziba kama imevaa sweta. Shambani haijawahi kupandisha joto hata siku moja, bandani ikapandisha. Paki mbali, upande upepo unakotoka, na uwe unapuliza redieta.

Chenjiova, yaani swichi ya kuchagua umeme wa gridi au wa jenereta, ni lazima, na isiwe ya kienyeji. Nimeona watu wanachomeka jenereta kwenye soketi na "kukumbuka" kuzima meni swichi. Ukisahau, umeme wako unarudi kwenye transfoma kinyumenyume na kutoka upande wa pili ukiwa volti elfu 11 au elfu 33, na kuna mtoto wa mtu yuko juu ya nguzo anaondoa kuti akijua laini imekufa. Funga ile ya mkono yenye nafasi tatu, TANESCO, sifuri, jenereta, iwekwe na fundi mwenye leseni, na jenereta iwe na athi yake, nondo ya shaba ardhini. Mchanga wetu wa pwani ukikauka ni mbishi, mimi nilipigilia mbili na bado kiangazi tunamwagia maji.

Na shafti. Mizunguko 540 kwa dakika ni tisa kwa sekunde moja. Ile plastiki ya kufunika shafti yangu ilikuja imepasuka, nikasema nitaitafuta. Siku moja ya mvua kijana akapita karibu na koti la mvua la kufunga kwa kamba. Sikuona likishikwa. Niliona kijana amekaa kwenye tope akiwa na mkono mmoja wa koti, lililobaki limejiviringa kwenye shafti kama kanga kwenye mwiko. Koti lilikuwa la bei rahisi, likachanika, ndiyo maana yupo. Kesho yake nilikuwa Kariakoo mapema natafuta kava. Hakuna kuruka shafti, hakuna kanga, hakuna mtoto karibu.

Hiyo ya Mbagala sasa. Kabla ya bei soma kibao. Kiwe na hezi 50, volti 400/230. Kuna zinazoingia kutoka Marekani za hezi 60, hizo mwachie. Angalia mzunguko wa PTO, ni 540 au 1,000, kwa sababu zipo zote na trekta yako ikiwa na 540 pekee ile ya 1,000 haitakufaa. Fungua nati ya oili ya giaboksi, chovya kidole, usugue: ukiona inang'aa kama pambo la bibi harusi, meno yanaliwa. Kama imekaa muda mrefu inaweza kuzunguka isitoe umeme kabisa, usumaku wake umeisha. Hilo si kosa la kuikimbia, fundi anaurudisha kwa betri ya trekta ndani ya dakika chache, ila bei ishuke.

Mwisho, usikubali kuonyeshwa taa moja inawaka. Nenda na MF yako kupitia Kongowe, nenda na mita ya hezi, na omba mzigo wa kweli, mashine ya kuchomelea au mota ya kusaga, iendeshe saa nzima huku ukigusa ganda la beringi ya nyuma uone kama linachemka. Akisema hana muda wa saa nzima, geuza trekta.