Ukipewa kipaza sauti, sema ya kwako

Natembea kwa magongo mawili tangu utotoni. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye kikao cha kutoa maoni kuhusu huduma kwa watu wenye ulemavu. Zamu yangu ilipofika nikaongea kwa uchungu: njia za mteremko, vyoo vipana, mabasi tusiyoweza kupanda. Makofi yakapigwa. Mwenyekiti akafunga mada: "Basi, tumewasikia wenzetu."

Nyuma kabisa alikaa mama na mwanawe wa miaka kama 12, mwenye ulemavu wa akili. Muda wote mtoto alikuwa akifungua kizibo cha chupa ya maji, anafunga, anafungua. Mama hakuulizwa neno. Wakati wa chai nikamfuata. Akaniambia, "Dada yangu, huyu ngazi anazipanda mbio. Mimi nataka kujua, nikifa nani atamwogesha?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewasemea watu wote wenye ulemavu, na swali hilo halijawahi hata kunijia.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata tukapata sheria yetu. Ibara ya 4 ya mkataba inaitaka serikali ishauriane nasi kwa karibu kupitia vyama vyetu, na inawataja hata watoto. Kwa hiyo wewe unayeandaa kikao, kuwaita viongozi wa SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vyetu, ni lazima, lakini usiishie hapo. Mtafute mkulima mwenye ualbino anayeshinda juani. Mtafute mama kiziwi aliyejifungua huku nesi akimwamrisha kwa mdomo uliofunikwa barakoa. Mambo hayo mimi nayasikia tu. Wao yamewapata mwilini.

Na uwalipie. Mkalimani mmoja wa lugha ya alama hawezi kufanya kazi kutwa nzima. Weka wawili wapokezane. Asiyeona mtumie rasimu wiki mbili kabla, iwe ya nukta nundu au faili ambalo simu yake inaweza kulisoma, siyo picha ya karatasi zilizopigwa mihuri. Nauli ya msaidizi iwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Zaidi ya yote, tuite kabla rasimu haijaandikwa. Ikishachapwa, kinachobaki kwetu ni kurekebisha koma.

Sisi wenye ulemavu nasi tunanyamazishana. Sisi wa magongo na viti mwendo tunaongea kwa wepesi, basi tunaitwa sisi kila mara, na tunakubali. Siku hizi naanza hivi: "Mimi nasema ya miguu. Ya viziwi waulizeni viziwi." Kisha naomba muhtasari, niangalie nani ameandikwa na nani ameachwa.

Mwezi uliopita nimeitwa tena. Nikaomba yule mama naye aalikwe. Nikajibiwa nafasi ni moja. Nimewapa namba yake ya simu.